Chujio la Dizeli Hulinda Mashine ya Kijiji



Mashine ya kusaga ikinyamaza, kijiji kizima hujua. Akina mama hujitwika mahindi kwenda kusaga kijiji cha jirani, na wengine hurudia kinu na mchi. Leo tutajifunza juu ya kitu kidogo ambacho mara nyingi ndicho kinachoizima injini ya dizeli. Kitu hicho ni chujio. Mafundi huliita filta.

Safari ya dizeli

Dizeli hutoka kwenye tangi, hupita kwenye chujio, huingia kwenye pampu, kisha nozeli huirusha ndani ya injini kama umande. Sasa shika unywele mmoja uutazame. Ukigawa milimita moja mafungu 1,000, unene wa unywele ni kama mafungu 70. Nafasi iliyo ndani ya pampu ya dizeli ni kama mafungu 3 tu! Basi vumbi ambalo jicho halilioni linatosha kuikwaruza pampu.

Adui wa pili ni maji, kwani huleta kutu. Maji ni mazito kuliko dizeli, kwa hiyo hutuama chini. Kila asubuhi kabla ya kuwasha, legeza bolti iliyo chini ya kikombe cha chujio. Maji na uchafu vitoke mpaka ije dizeli safi, kisha kaza.

Tuliyoyaona

Katika kijiji kimoja tulikuta chujio limetolewa, na mahali pake pamewekwa kipande cha kanga. "Si nguo nayo inachuja?" mwendesha mashine alituuliza. Kweli, kanga huzuia mchanga na majani. Lakini vumbi laini hupita, na nyuzi zake nazo huingia kwenye pampu. Pampu ile ilikufa. Fedha za kununulia bati la jengo la mashine zikanunua pampu. Hatumlaumu yule ndugu. Alikuwa ameomba fedha ya chujio mara mbili, na kamati haikumpa.

Kununua chujio

1. Nenda dukani na chujio la zamani. Linganisha namba, urefu na tundu la katikati.
2. Usikubali chujio la petroli eti kwa kuwa yanafanana.
3. Hakikisha lina mpira mpya wa kuzuia kuvuja.
4. Chujio la karatasi halifuliwi. Likijaa hutupwa.

Kulifunga

1. Zima injini, ipoe. Asiwepo mtu anayevuta sigara.
2. Futa vumbi lote la nje. Funga koki ya tangi.
3. Weka bakuli chini. Fungua bolti kubwa, toa kikombe na chujio la zamani.
4. Osha kikombe kwa dizeli safi, wala si kwa maji.
5. Weka chujio jipya na mpira wake. Kaza kwa spana, lakini usitumie nguvu nyingi.
6. Fungua koki. Legeza skrubu ya kutolea upepo iliyo juu ya chujio. Utaona mapovu. Yakiisha na dizeli ikatoka yenyewe, kaza. Fanya hivyo hivyo kwenye pampu.
7. Washa, utazame kama panavuja.

Upepo ukibaki ndani, injini haitawaka, hata mkizungusha hendeli mpaka jioni. Dizeli chafu msiimwage karibu na kisima.

Kazi ya kalamu

Kitabu cha mashine hutaja saa za kazi ambazo chujio hubadilishwa. Wekeni daftari. Kila siku andikeni tarehe na saa mashine ilizofanya kazi, kisha jumlisheni. Hesabu ikitimia, badilisheni. Lakini mashine ikianza kukohoa au kupoteza nguvu ikipewa mahindi, msingoje. Litazameni chujio kwanza. Hapa ndipo kisomo chetu kinapoleta unga nyumbani.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini maji hutolewa asubuhi, kabla ya kuwasha?
2. Kanga ilishindwa kuzuia nini?
3. Katika kijiji chenu, nani anaandika saa za mashine? Kama hakuna, nani ataanza kesho?
4. Je, kamati yenu imetenga fedha ya chujio?