Kusamehe kwa Moyo Wote

Siku moja katika kipindi cha dini mwanafunzi aliniuliza: "Mwalimu, mtu akisema amesamehe, lakini hajasahau, je, amesamehe kweli?" Nilimwahidi jibu wiki ya pili yake. Ukweli ni kwamba niliona haya, maana nilikuwa na kesi ya namna hiyo hapa hapa Kimisagara.

Twakaa kwenye mteremko mkali. Mvua za Aprili zikinyesha, maji hushuka kwa nguvu kuelekea mfereji mkubwa wa Mpazi, na kila mwenye nyumba huomba yapite kwa mwenzake. Mwaka mmoja jirani yangu wa juu aliuziba mtaro ili apanue ua wake. Usiku ule maji yakaingia chumbani mwangu, yakaharibu godoro na vitabu vyangu vya kufundishia. Asubuhi akaja kuomba radhi. Nikamjibu, "Yamekwisha, mzee." Hayakwisha. Kwa miaka miwili nilimsalimu kwa adabu, lakini kila mvua iliponyesha niliihesabu hasara upya, na watoto wake niliwakataza kukatiza uani kwangu.

Kutafuta jibu la mwanafunzi nilisoma Mathayo, sura ya 18, mfano wa mtumwa asiyesamehe, nikachukua kalamu nikapiga hesabu. Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku, na talanta moja ilikuwa kama dinari 6,000. Basi mtumwa aliyesamehewa talanta 10,000 alifutiwa ujira wa siku 60,000,000! Mwenzake alimwia dinari 100 tu. Wahubiri wengi husema deni hili la pili si kitu. Mimi naona wanakosea, kwani siku 100 za kazi ni zaidi ya miezi mitatu, na maskini hawezi kuzicheka. Yesu hakusema kwamba hasara yetu ni ya uongo. Godoro langu lilikuwa na bei. Aliyesamehe hulifuta deni la kweli, tena halirudishi daftarini mvua inaponyesha.

Lugha yetu ya Kinyarwanda yasaidia hapa. Kusamehe ni kubabarira, na neno hilo latokana na kubabara, yaani kuumia. Asemaye "si neno, sikuumia" bado hajafika kwenye msamaha.

Wako waliosamehe makubwa, na mambo ya mtaro yaonekana mchezo mbele yao. Mwaka 1994, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, Immaculée Ilibagiza, aliyekuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, alijificha siku 91 pamoja na wanawake wengine saba katika choo kidogo cha nyumba ya mchungaji. Wazazi wake na ndugu zake wawili waliuawa. Baadaye alikwenda gerezani, akamwambia mmoja wa wauaji kwamba amemsamehe. Angalieni: mtu yule alibaki gerezani. Msamaha wa moyoni haukuvunja sheria. Mahakama za Gacaca zilizofungwa Juni 2012 zilikuwa zimekata kesi karibu 2,000,000, na aliyekiri na kuomba radhi aliweza kupunguziwa adhabu. Lakini hakimu hakuweza kumsamehe mtu kwa niaba ya mjane. Wala sisi tusiopoteza mtu tusimharakishe aliyepoteza. Huo si utumishi wa Kristo, ni ukatili.

Wiki ya pili nilimjibu mwanafunzi kwamba kukumbuka si dhambi. Ajiulize tu anakumbuka ili afanye nini. Jumamosi yake nilipanda kwa jirani na jembe begani. Nilimwambia wazi kwamba ile "yamekwisha" yangu ilikuwa ya mdomoni. Alinyamaza kitambo, kisha akaingia ndani kutafuta jembe lake. Tulichimba mtaro mpya mpaka saa kumi, na watoto wakapita uani kwangu wakibeba mawe. Mvua ikinyesha usiku bado huamka, nikaweka mkono sakafuni chini ya mlango.