Mtoto acheze kwanza, kisha ale akiwa ameketi

Jumamosi alasiri katika ploti za Kondele si ajabu kukuta sherehe ya mtoto kuzaliwa. Uani wamejaa watoto wa umri wa chekechea, baluni zimetundikwa mlangoni, na sahani ya njugu na peremende inapitishwa huku watoto wakikimbizana. Hapo ndipo penye hatari. Njia ya hewa ya mtoto ni nyembamba, na anayekimbia au kucheka huku akitafuna hupaliwa upesi.

Kwa hivyo kanuni ya kwanza ni hii: mchezo na chakula visichanganywe.

Michezo inayofaa

Mtoto wa miaka 3 hadi 5 hawezi kungoja zamu kwa muda mrefu, na akitolewa mchezoni hulia. Chagua michezo mifupi ambayo hakuna anayetolewa.

1. Nyama nyama. Mtu mzima hutaja wanyama. Akitaja anayeliwa, watoto huruka. Akitaja asiyeliwa, hutulia. Anayekosea acheke na kuendelea.

2. Kuganda. Piga benga watoto wacheze. Muziki ukikatika, kila mmoja atulie kama sanamu. Huu ni afadhali kuliko kugombania viti, ambapo wadogo husukumwa wakaanguka.

3. Kulenga beseni. Watoto warushe mpira wa matambara ndani ya beseni lililo hatua chache mbele yao.

Michezo hii ina faida. Mwaka wa 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba watoto wa miaka 3 na 4 wauchangamshe mwili kwa angalau dakika 180 kila siku.

Kabla ya wageni kufika, ondoa jiko uani, funika pipa la maji na ufunge lango, kwani bodaboda na tuktuk hazina breki za kumngojea mtoto. Mtu mzima mmoja asiwe na kazi nyingine ila kuwatazama. Karamu iishe kabla ya giza, maana mbu waenezao malaria huuma zaidi usiku.

Wakati wa kula

Watoto wote waketi. Walio chini ya miaka 5 wasipewe njugu nzima wala peremende ngumu. Soseji ikatwe kwa urefu, na samaki atolewe miiba yote. Baluni ipulizwe na mtu mzima. Ikipasuka, okota vipande vyote mara moja, kwani huziba koo kabisa.

Mtoto akisakamwa

Akiweza kukohoa, mwache akohoe. Akishindwa kukohoa, kulia au kupumua, itisha msaada. Mwinamishe mbele, umpige mara 5 kwa nguvu katikati ya mabega kwa sehemu ya chini ya kiganja. Kisipotoka, simama au piga magoti nyuma yake, weka ngumi juu ya kitovu, chini ya mbavu, kisha vuta ndani na juu mara 5. Rudia zote mbili kwa zamu. Aliye chini ya mwaka 1 asibanwe tumbo: mlaze kifudifudi mkononi umpige mgongoni, kisha umgeuze umbonyeze kifua. Usiingize kidole kooni bila kukiona kilichokwama.

Hata kikitoka, aliyebanwa tumbo apelekwe hospitalini akapimwe.

Jiulize leo: katika karamu yako ijayo, ni nani atakayewatazama watoto?