Sungura Aliyevunjika Meno ya Mbele

Swali: Sungura wa mwanangu ameanguka akavunjika meno mawili ya juu. Ataishi? Alishwe nini?

Jibu: Ataishi, na huenda meno yakarudi. Meno ya sungura, yote 28, hukua maisha yake yote; ya mbele huongezeka takriban milimita 2 kwa wiki. Mzizi ukiwa mzima, huota tena.

Wasiwasi uko kwenye meno ya chini. Jino lililokosa mwenzake wa kusagana naye hurefuka, hujikunja na kuchoma mdomo. Daktari wa mifugo hulipunguza kwa mashine ndogo ya kusagia. Mkasi wa kucha usiguse hapo: huweza kulipasua hadi ndani ya ufizi.

Hata sungura aliyeng'olewa meno yote ya mbele hunenepa. Huokota chakula kwa midomo, magego yakasaga. Kinachomshinda ni kukata tu. Basi karoti ikwaruzwe, kidogo, maana ina sukari, na sukuma wiki ikatwe nyembamba kama ya kupika. Nyasi kavu, zilizokatwa fupi, zisikosekane kamwe: ndizo zinazosaga magego na kuendesha utumbo. Manyoya nayo yachanwe kwa brashi, kwani alikuwa akiyachana kwa meno hayohayo.

Akipitisha saa 12 bila kula, apelekwe kwa daktari siku hiyohiyo.