Kuongoza Mkondo wa Umeme

Bila shaka umewahi kutumia tochi. Betri zikiwa mpya, mwanga huwa mkali. Baada ya siku kadhaa mwanga hufifia, kwa sababu betri zimechoka na mkondo wa umeme unaopita katika balbu umepungua. Je, twaweza kuufanya mkondo huo usibadilike?

Jaribio

Vifaa: betri mbili mpya za tochi na mbili zilizokwisha tumika kidogo, balbu ya tochi, vipande vitatu vya waya, na penseli. Mwalimu ataipasua penseli kwa urefu ili risasi yake ionekane.

Fanya hivi:

1. Panga betri mpya, moja nyuma ya nyingine. Unganisha betri na balbu kwa waya wa kwanza. Unganisha balbu na ncha moja ya risasi kwa waya wa pili. Funga waya wa tatu upande wa pili wa betri.
2. Gusisha ncha ya waya wa tatu katikati ya risasi. Utazame vizuri mwanga.
3. Sogeza ncha hiyo mbali na waya wa pili, kisha karibu nao. Mwanga unabadilikaje?
4. Irudishe katikati. Sasa tumia betri za zamani. Sogeza waya mpaka mwanga uwe kama ule wa kwanza.

Umejifunza nini?

Risasi ya penseli hupitisha umeme, lakini huukinza kidogo. Njia ya umeme katika risasi ikiwa ndefu, ukinzani huongezeka na mkondo hupungua. Betri zilipochoka, mkono wako uliifupisha njia hiyo, na mkondo ukabaki uleule.

Tochi nyingi za siku hizi hutumia diodi badala ya balbu. Nguvu ya betri ikizidi kidogo tu, mkondo katika diodi huongezeka sana. Diodi hupata joto na kuharibika. Kwa hiyo taa nyingi zilizotengenezwa vizuri huwa na sakiti ndogo iitwayo kidhibiti mkondo. Sakiti hiyo hupima mkondo: ukizidi huupunguza, ukipungua huuongeza. Hufanya kazi uliyoifanya kwa macho na mkono wako. Lakini haitengenezi umeme. Betri zikiisha, taa huzimika.

Angalia: Tumia betri za tochi tu. Umeme wa nyumbani unaweza kuua.

Maswali

1. Kwa nini mwanga hufifia waya unaposogezwa mbali?
2. Juma ana betri chache, naye anataka kusoma usiku kucha. Aongeze mkondo au aupunguze? Eleza.