Picha ya Mswada Bado Haijawa Maandishi



Ndugu zangu, muhula huu katika mazoezi yetu ya maktaba nimeulizwa mara kadhaa: "Kama vitabu viko mtandaoni bure, sisi tumebakiwa na kazi gani?" Nitajibu kwa mfano wa miswada ya Kiswahili iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu.

Kwanza tuelewane. Ufikiaji huria si kusoma bure tu. Azimio la Budapest la mwaka 2002 linataka msomaji aweze kulisoma andiko, kulipakua, kulinakili, kulisambaza, kulichapa na kutafuta ndani yake. Shikeni hilo la mwisho.

Maktaba ya SOAS, London, inatunza miswada mingi ya pwani ya Afrika Mashariki, zikiwemo karatasi za W. E. Taylor, aliyekusanya mashairi ya Muyaka bin Haji kule Mombasa kwa msaada wa Mwalimu Sikujua. Miswada mingi ya maktaba hiyo imepigwa picha na kuwekwa mtandaoni. Leo mwanafunzi wa Kampala anaifungua kwa simu yake, bila viza wala nauli. Si jambo dogo.

Lakini tafuta humo neno "punda", hata kama liko ukurasa wa tatu hutalipata. Kompyuta inaona picha tu. Inachokijua ni kile alichoandika mkutubi: jina la mswada, mtunzi, tarehe.

Kwa nini mashine isisome yenyewe? Hata binadamu hutatizika. Herufi za Kiarabu hazina p, v, ch wala g ya "gari". Waandishi wengi wa kale walitumia ba kwa b, p na mb; dali kwa d na nd; dhumma kwa u na o. Basi ba yenye dhumma ikifuatwa na dali yenye fat-ha inaweza kuwa "punda", "ponda" au "bunda". Mizani haisaidii hapo, wala kina, kwa kuwa maneno yote matatu yana silabi mbili na yanaishia "nda". Ni maana ya ubeti ndiyo itakayoamua. Baadaye wajuzi, miongoni mwao Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, waliweka alama za kutofautisha sauti hizo, ila miswada mingi ni ya kabla ya hapo.

Hapa ndipo insia za kidijitali, yaani kuchunguza lugha, fasihi na historia kwa kompyuta, zinapomhitaji mtu aliyepita madrasa. Wengi wenu mnasoma herufi hizo tangu utotoni na Kiswahili mnakijua. Watu wenye vyote viwili si wengi kama mnavyodhani.

Tunafanya hivi. Mstari wa kwanza naandika herufi kwa herufi, kama nionavyo, hata pakionekana kosa. Wa pili naandika ninavyousoma, na penye shaka naweka alama ya kuuliza. Pembeni naandika namba ya mswada na ya ukurasa. Yakishachapwa hivyo, maneno yanatafutika, na nakala mbili za utenzi mmoja zinaweza kulinganishwa beti kwa beti.

Kabla ya kusambaza kazi yako, soma leseni ya picha. Ikiandikwa CC BY, taja chanzo na uendelee. Ikiwa na ND, huruhusiwi kusambaza kilichobadilishwa, kwa hiyo waandikie wenye mkusanyo uombe ruhusa. Shairi la kale huenda halina tena mwenye hakimiliki, lakini picha yake yaweza kuwa na masharti.

Tasnifu yako nayo ikiingia katika hazina ya kidijitali ya chuo, kama ile ya Makerere, weka mistari yote miwili. Wengi huacha ule wa kwanza wakiuona mbaya, na atakayekuja kusoma "ponda" pale uliposoma "punda" hana pa kuanzia.