Vitonge vya biskwi na kakao kwa Noeli na Bonane: chakula kisichorudi kwenye moto



Mwezi wa 12 umefika. Watoto wanaanza kuhesabu siku za Noeli, na wazazi wanaanza kuhesabu feza. Katika vijiji vya kakao vya Beni na Mambasa, tunaona jambo moja kila mwaka: gunia za kakao zinatoka kijijini juu ya pikipiki, kiisha shokola kidogo sana inarudi kwenye butiki ya muji kwa beyi kali. Wakulima wengi wamelima kakao miaka mingi bila kuonja kitu chenye kutoka ndani yake.

Katika fundisho hili tutajifunza kutengeneza vitonge vitamu vya biskwi, karanga na kakao. Havihitaji furu wala frigo. Huko Marekani, familia nyingi zinafanya kitu kama hiki mbele ya Noeli: wanaponda biskwi, wanachanganya na jibini laini, wanaviringisha, wanachovya katika shokola iliyoyeyuka, kiisha wanaweka katika frigo. Kwetu vijijini jibini ile ni ngumu kupata, na bila frigo inaharibika upesi. Lakini karanga na kakao tuko nazo shambani. Mafuta yake inatosha kushikanisha biskwi.

Mbele ya kuanza, mushike neno moja, ndilo neno kubwa la fundisho hili: kitonge kikisha kuviringishwa, hakirudi tena kwenye moto. Bugali tunapika, sombe tunapika saa nyingi, na moto unaua vijidudu. Hapa, uchafu wowote wenye kuingia katika bakuli utafika katika tumbo la mutoto vile uko. Kwa hiyo kazi yote ya usafi na ya moto inafanyika mbele ya kuchanganya.

Vitu vya kutayarisha (kwa vitonge 40, kila kimoja grama 20)

– Biskwi kavu za kawaida, grama 300. Zikipondwa zinajaza karibu vikombe 3 vya robo litre.
– Karanga zilizosagwa, grama 250, ni kusema kikombe 1. Tayarisha karibu grama 300 za karanga zilizochaguliwa, sababu nyingine zinapotea.
– Kakao iliyosagwa, grama 100, ni kusema vijiko vikubwa 6. Tayarisha karibu grama 140 za mbegu kavu.
– Sukari, grama 60, ni kusema vijiko vikubwa 4.
– Maziwa ya unga, grama 50, ni kusema vijiko vikubwa 6.
– Asali, vijiko vikubwa 2.
– Chumvi, kidogo tu ya kushika na vidole viwili.

Kama kijijini kwenu hakuna kakao, ongeza vijiko vikubwa 5 vya karanga iliyosagwa. Rangi itakuwa nyeupe kidogo, lakini vitonge vitashikana.

Hatua ya 1: Kuchagua karanga

Mwaga karanga juu ya lungo, mahali penye mwangaza. Toa zote zenye ukungu, zenye kubadilika rangi, zenye kusinyaa na zenye kutobolewa na wadudu. Kuna wenye kusema: «Tutazikaanga, moto utamaliza.» Hapana. Ukungu fulani wa karanga unaacha sumu yenye kuitwa aflatoksini. Moto wa kukaanga hauwezi kuimaliza. Sumu ile inaharibu ini, na mutu anaweza kuila miaka mingi bila kusikia uchungu. Mbegu mbaya musizitupie kuku, sababu nao inawazuru. Muzichome ao muzizike.

Kiisha kaanga karanga nzuri juu ya mbabula, moto wa katikati, ukikoroga bila kuacha mupaka ngozi inatoka kwa kusugua. Ziache zipoe, zipepete, uzisage.

Hatua ya 2: Kukaanga na kusaga kakao

Tumia kakao iliyochachushwa vizuri siku 5 mupaka 7, na kuanikwa mupaka ikauke kabisa. Mbegu isiyochachushwa itafanya vitonge kuwa vikali na vichungu, hata ukiongeza sukari. Hapa mukulima anajifunza kwa ulimi wake mwenyewe juu ya nini mununuzi anapasua mbegu na kuiangalia ndani mbele ya kusema beyi.

Chagua mbegu, toa zenye ukungu na mawe. Kaanga juu ya moto mudogo dakika 20 mupaka 30, ukikoroga. Ganda likianza kupasuka na harufu ya shokola ikitoka, inatosha. Usiache iungue: kakao iliyoungua haina dawa.

Sasa angalisho: maganda ya kakao yamelala chini wakati wa kuanika, kuku wamepita, vumbi imepita. Moto umeisha kusafisha mbegu. Basi usizirudishe katika kikapu ao gunia kwenye zilitoka. Zimwage katika chombo kilichooshwa na kukauka. Zikipoa kidogo, toa maganda kwa mikono safi, kiisha pepeta.

Pasha kinu moto kidogo kwa kuweka ndani makala machache juu ya kipande cha bati, uyatoe, ufute kinu vizuri. Twanga kakao ikiwa ingali na joto. Kwanza itakuwa unga, kiisha itaanza kung'aa na kuwa laini, sababu karibu nusu ya mbegu ya kakao ni mafuta. Kama kijijini kuna mashini ya kusaga karanga, pitisha karanga na kakao pamoja mara 2. Mafuta ya karanga itasaidia kakao kulainika. Lakini osha mashini mbele, iache ikauke, na kijiko cha kwanza chenye kutoka kitupe. Huwezi kujua mutu wa mbele yako alisaga karanga gani.

Hatua ya 3: Kuponda biskwi

Tia biskwi katika kitambaa safi ao sashe mupya, piga na chupa ao na mutwangio mupaka ziwe kama muchanga. Vipande vikubwa vinafanya kitonge kupasuka. Weka pembeni vijiko 4 vya unga wa biskwi, tutavitumia mwishoni. Sukari nayo itwange iwe laini, sivyo itakwaruza katika meno.

Hatua ya 4: Kuchanganya

Kila mutu mwenye kugusa chakula aoshe mikono na sabuni mupaka kwenye kiwiko, akate kucha, afunge kichwa. Mwenye kuhara ao mwenye kidonda kwenye mukono asiingie katika kazi ya kuchanganya. Anaweza kuandika hesabu.

Katika bakuli kavu, changanya unga wa biskwi, maziwa, sukari na chumvi. Tia karanga, kakao yenye joto kidogo, na asali. Kanda dakika 5. Chukua kidogo, finya katika kiganja: kikishikana na kisiache mafuta mingi mukononi, kimefika. Kikivunjika, ongeza kijiko cha karanga iliyosagwa ao cha asali.

Usitie maji. Tunasema hivi sababu sisi wenyewe tulikosea. Mara ya kwanza tulipojaribu, muchanganyiko ulikuwa mukavu, na mumoja wetu akatia nusu kikombe cha maji. Ile siku vitonge vilikuwa vizuri sana kwa macho. Siku ya 3, mbele tu ya Noeli, vilikuwa na ukungu mweupe. Tulitupa vyote 40. Biskwi, maziwa ya unga, karanga na kakao vinakaa sababu ni vikavu. Ukitia maji, ao maziwa ya ngombe, umefungulia ukungu na vijidudu mulango.

Kosa lingine ni kuongeza unga wa muhogo ao wa mahindi ili vitonge viwe vingi. Unga mubichi haujapita kwenye moto. Unaweza kuwa na vijidudu, na muhogo muchungu uliotayarishwa vibaya uko na sumu yake. Mutu asifanye faida kwa njia ile.

Hatua ya 5: Kuviringisha na kuweka

Pima kijiko kimoja chenye kujaa, viringisha kati ya viganja, kiisha pitisha kitonge katika ule unga wa biskwi uliowekwa pembeni. Vitonge vyote vilingane: mununuzi anaangalia, na mutoto anaangalia zaidi.

Vipange juu ya sahani, funika na kitambaa safi, acha usiku mumoja mahali penye baridi. Mafuta ya kakao inayeyuka karibu na digri 34, ni kusema chini kidogo ya joto la mwili wetu. Ndiyo sababu kitonge kinayeyuka katika kinywa. Ndiyo sababu pia kikikaa kwenye jua la soko kitalegea. Kule Lubero kwenye baridi vitakuwa vigumu vizuri. Kule Mambasa vitabakia laini, basi muviuze asubuhi, chini ya kivuli.

Weka katika kopo kavu lenye kufunika, andika tarehe, na muvimalize kwa juma moja. Chenye kunuka mafuta ya zamani ao chenye ukungu, tupa. Kwa watoto wadogo chini ya miaka 4, muvunje kitonge vipande vidogo sana, wasinyongwe. Na mwenye kuuza aambie kila mununuzi kwamba ndani kuna karanga, sababu kuna watu wenye mwili wao unazikataa.

Hesabu: kakao ya shamba lako si ya bure

Mukitengeneza kwa ajili ya nyumba, kazi imeisha, mufurahi na watoto. Lakini vikundi vingine vya wamama vitataka kuuzisha. Tufanye hesabu pamoja. Beyi hizi ni za kujifunza tu, nyinyi mutatia za soko lenu.

– Biskwi: 3.000 franka
– Karanga: 1.500
– Kakao: 1.400
– Sukari: 300
– Asali: 600
– Maziwa ya unga: 1.600
– Makala: 600
– Karatasi na sashe: 1.000

Jumla ya vitu ni 10.000 franka. Tukigawanya kwa vitonge 40, kila kimoja kimekula 250. Tuongeze kazi ya wamama wawili, 4.000 kwa wote. Sasa ni 14.000, na kila kitonge ni 350.

Wengi wanaacha kuandika karanga na kakao sababu zimetoka shambani kwao. Wanaacha pia kazi yao wenyewe. Wanabakia na 7.100 franka katika daftari, wanaona kila kitonge ni karibu 180, na wanauza 300 wakifikiri wamepata faida. Kweli ni kwamba 40 mara 300 ni 12.000. Ukitoa vitu vya 10.000, wamama wanabakia na 2.000 nafasi ya 4.000. Wamelipa koperative kutoka mufuko wao bila kujua.

Wakiuza 500, vitonge 40 vinaleta 20.000. Tukitoa 14.000, faida ni 6.000 franka. Lakini kama 8 vimevunjika, ao vimeliwa na wenye kuonja, vinabakia 32, ni kusema 16.000, na faida inashuka mupaka 2.000. Basi vitonge vya kuonja vihesabiwe mbele na viandikwe. Mutunza-feza asione haya kusema: «Tumeonja viwili, inatosha.»

Tena musianze na vitonge 400. Muanze na 40, wiki mbili mbele ya Noeli. Muone nani ananunua, kwa beyi gani, na vinakaa siku ngapi. Mukifaulu, mutakuwa na wakati wa kuongeza kwa ajili ya Bonane. Mukikosa, hasara ni ndogo na mumejifunza.

Maswali ya kuzungumuza katika kikundi

1. Juu ya nini kukaanga karanga zenye ukungu hakutoshi kuzifanya kuwa salama?
2. Katika kazi hii, ni wakati gani moto unatusaidia, na nini inatulinda wakati moto umeisha?
3. Kwa beyi za soko letu leo, kitonge kimoja kinatugarimu franka ngapi, pamoja na kakao yetu na kazi yetu?
4. Tuonje kitonge cha kakao iliyochachushwa siku 2 na cha kakao ya siku 6. Tofauti ni gani? Mununuzi wa kakao yetu angesema nini?

Hili swali la mwisho, tunaomba musiliruke. Mukulima aliyeonja kakao yake mwenyewe hatakubali tena kuitoa katika sanduku la kuchachushia siku mbili mbele ya wakati.

Tunawatakia Noeli njema na Bonane yenye amani katika nyumba zenu.