Njia Tatu za Kukata Shauri

Katika Matendo ya Mitume twaona kanisa la kwanza likikata mashauri kwa njia tatu.

Ya kwanza ni kura (sura ya 1). Mahali pa Yuda palikuwa wazi, na watu wawili, Yusufu Barsaba na Mathia, walistahili wote. Wakaomba, wakapiga kura, ikamwangukia Mathia.

Ya pili ni uchaguzi (sura ya 6). Wajane wa Wayahudi wenye kusema Kiyunani walisahauliwa katika huduma ya kila siku. Mitume hawakuwakemea walionung'unika. Waliuita mkutano wote, nao ukachagua watu saba. Yatazameni majina yao, Stefano, Filipo, Prokoro na wenzao: yote ni ya Kiyunani.

Ya tatu ni baraza (sura ya 15). Je, watu wa mataifa watahiriwe? Walihojiana sana. Petro, Barnaba na Paulo wakashuhudia aliyoyatenda Mungu. Yakobo akayapima kwa maneno ya manabii. Kisha wakawaandikia ndugu barua.

Basi, wazee na walimu, kwanza ulizeni: jambo hili ni la namna gani? Wawili wakifaa sawasawa, kura haimdhulumu mtu. Penye manung'uniko, wapeni kazi walio karibu na wenye kuumia. Bali penye neno la imani, wingi wa mikono hautoshi: kila upande usikilizwe, neno lipimwe kwa Maandiko, nao usharika uambiwe waziwazi lililokatwa.